Chai Haifai Damu ya O

Mama alisuka nywele Kenyatta Market tangu kabla sijazaliwa, kibanda chake kikipakana na wachoma nyama, na hakuipenda nyama hata kidogo. Moshi ulimwingia kwenye leso, kwenye sweta, kwenye nywele zake mwenyewe. Akifika nyumbani Muthangari, katika vyumba viwili nyuma ya fleti ambazo baba alikuwa akizisimamia, kitu cha kwanza kilikuwa kuteleka chai. Maziwa mengi, maji kidogo, majani yachemke mpaka rangi ikolee. Kikombe cha kwanza alikinywa akiwa amesimama, viatu bado mguuni, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka kiishe.

Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba ameacha chai ya maziwa, nilidhani ananitania.

"Group yangu haitaki," alisema. "Maziwa, ngano, maharagwe, viazi. Hizo zote ndizo zinanimaliza pole pole. Mimi ni O. Watu wa O ni wa nyama."

Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na mama alikuwa ameanza kuchoka kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa. Kusuka kichwa kimoja kulimlaza siku nzima. Viganja vyake vilipauka. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza, damu haikuongezeka. Ndipo mteja wake mmoja akampeleka Parklands, ghorofani juu ya duka la dawa, kwa mama mmoja aliyewashauri watu chakula cha kula kulingana na kundi lao la damu.

"Alikupima?" nilimwuliza.

"Anipime ya nini? Damu yangu naijua."

Aliijua kupitia kwa baba. Nilipokuwa shule ya msingi, vidonda vya tumbo vilimpasukia baba akatapika damu, akakimbizwa hospitali. Wakasema yeye ni O na familia ilete watu wa kutoa damu. Mama akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Jioni ile baba alitundikiwa chupa, na kesho yake akaketi kitandani akaomba uji. Hakuna aliyemwambia mama kwamba ile chupa ilikuwa yake, na hakuna aliyemwambia kwamba haikuwa. Kadi zake za kliniki ya uzazi, zilizoandikwa group yake, zilikuwa zimepotea zamani. Alijumlisha mwenyewe: damu yangu imemwingia, amepona, basi sisi ni kitu kimoja.

Ikawa hadithi ya nyumba yetu. Baba akipandisha sauti, mama alimwambia, "Tulia, hata hiyo hasira ni yangu, nilikuazima." Baba akichelewa kuamka, "Damu yangu haijawahi kulala mpaka saa hii." Na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimjibu mara moja mbele ya wageni, "Ndiyo maana siku hizi napenda umbea." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Siku tulipomzika baba, nilimsikia akimwambia dada yake, "Nusu yangu imeingia pale ndani."

Mimi nilisoma baiokemia chuo kikuu. Mama alisema nilizaliwa na "kwa nini" mdomoni, na chuo kiliniongezea nyingine. Nilimweleza kwamba sijaona ushahidi wowote wa maana kwamba kundi la damu linajua tofauti ya chapati na mbuzi. Akanieleza alivyoelezwa Parklands, kwamba watu wa O ndio wa kwanza duniani, wawindaji, waliishi kwa nyama.

"Nani aliwapima hao wawindaji?"

"Mami, wewe bishana. Mimi nataka kupona."

Aliniita mami kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na alilitumia zaidi alipotaka ninyamaze. Nikanyamaza, nikatumwa nyama. Mchomaji jirani wa kibanda chake aliposikia ni ya nani aliweka kisu chini.

"Mathe? Huyu ambaye anakataa nyama yangu tangu nianze kazi? Ameokoka?"

"Amebadilisha dini," nilimwambia.

Akanikatia kipande laini kuliko vyote. Nyumbani mama alikitafuna macho ameyafumba, kama mtoto anayepewa dawa. Akimaliza alikunywa maji moto yenye tangawizi, akakitazama kikombe, akakisukuma mbali. Kila nilipoteleka chai yangu alitoka nje, akajifanya anaanua nguo.

Alizidi kupungua. Asubuhi moja alianguka akiwa anamsuka mtu, kitana bado mkononi. Hospitalini walichukua vipimo, kisha wakachukua vingine mgongoni, na daktari akaniambia kwamba uboho ndani ya mifupa ya mama umeacha kutengeneza damu inavyotakiwa. Hapakuwa na chakula cha kuuamsha. Wangemwongezea damu mara kwa mara, na hilo lingesaidia kwa muda tu. Sikuuliza muda gani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuachia swali lipite.

Nilimwuliza sista wa maabara nilete watoaji wa aina gani.

"Wowote. Group yoyote," alisema akiendelea kuandika. "Damu mnayoleta inaenda kwa benki ya damu. Sisi tunatoa ile inamfaa mgonjwa."

"Kwa hiyo ninayotoa mimi haiendi kwake?"

"Labda, labda isiende. Wewe ni?"

"O. Kama yeye."

Akapekua karatasi zake. "Mama yako ni B."

Nilimwomba arudie kupima, akarudia. B. Na mtu wa B hawezi kumpa damu mtu wa O. Hilo nililijua hata kabla ya chuo. Nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama watu wakishuka kwenye magari na chupa za uji. Chupa ile ya baba ilitoka kwa mtu mwingine kabisa, mtu tusiyemjua. Ya mama alipewa mgonjwa mwingine, pengine wodi hiyo hiyo. Hasira za baba, uvivu wake, umbea wake, vyote vilikuwa vyake mwenyewe.

Nikakumbuka jambo la pili, nikataka kucheka. Kwa sheria zile zile za Parklands, watu wa B wanaruhusiwa maziwa. Mwaka mzima mama alikuwa ametoka nje ili asinuse chai ambayo hata upuuzi ule ungempa. Nilichohitaji ni kuingia wodini na kumwambia herufi moja. Angepata chai yake. Na angempoteza baba kwa mara ya pili, nami ndiye ningekuwa nimekuja kumwambia.

Nilimsihi sista asimtajie group. Mfuko wa damu ulipotundikwa, niliugeuza ili lebo itazame ukutani. Mama hakuwa na miwani, lakini niliugeuza.

Wiki zilizofuata aliongezewa damu, akachangamka kidogo, akazimika tena. Nyama haikupita kooni sasa, na chakula kingine alikikataa kwa sababu ya group. Daktari akaniambia kando kwamba ale na anywe chochote anachokitamani. Nilielewa maana yake. Nikaenda nyumbani, nikateleka chai kama yake, nikaitia kwenye thamosi na kuibeba hadi kitandani kwake. Nilipofungua kifuniko aligeuza kichwa.

"Ondoa hiyo maziwa. Unataka kuniua?"

"Mum, damu yote uliyo nayo sasa umewekewa. Ni ya watu wengine. Pengine wao wanakunywa chai."

Alitabasamu. "Ya wageni inapita tu. Yangu ndiyo inabaki." Kisha akanishika kidole, kwa sababu mkono mzima ulikuwa mzito kwake. "Si hawa wamenipima? Waliona nini? Bado ni ile yangu na baba yako?"

Mfuko ulikuwa juu yake, herufi ukutani. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, na thamosi ikitoa mvuke mkononi.

"Ni ile," nikasema.

Akashusha pumzi, akafumba macho. "Basi chai siwezi, mami. Siwezi kuiharibu damu yetu sasa, nimekaribia kumwona."

Nikaanza kufunga thamosi. "Usifunge," akasema. "Kunywa wewe. Kaa hapa karibu, nisikie harufu."

Nikamimina, nikasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Mama aliuelekeza uso kwenye mvuke, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika nyumbani kutoka sokoni. Nikapiga mafunda mawili ya haraka, nikataka kukiweka kikombe chini.

"Pole pole," alisema, macho ameyafumba. "Usimalize haraka."