Kahawa ya Pakiti Ndani ya Pasi ya Mkaa

Wifi yangu anajulikana kwa pua. Mimi niliolewa nikaletwa kwenye nyumba hii nikamkuta humu, ndimo alimozaliwa, na siku ya kwanza tu akaninusa. Alinisogelea kama anataka kunikumbatia, akavuta pumzi, akamgeukia kaka yake akasema: "Huyu anapenda vitunguu." Mbele za watu! Kaka yake tulishamzika, lakini hilo neno sijamsamehe.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, huko barabara kubwa, chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka na nguo za watu zimening'inia mpaka juu. Enzi hizo ni pasi za mkaa. Wenzake walikuwa wanalowesha kidole, wanaigusa pasi, tsss, ndio wajue moto umefika wapi. Yeye hana habari na kidole. Ananusa. Anasema kila kitambaa kabla hakijaungua kinatoa harufu yake, pamba ya kwake, sufu ya kwake, na mwenye pua anaonywa mapema. Shati la mteja hakuunguza hata moja. Alichounguza ni ndoa yake. Alikuwa anampigia mumewe pasi nyumbani, mvuke ukapanda, akasikia sabuni ambayo yeye hajawahi kuinunua. Akamaliza kola, akamaliza mikono, akalikunja lile shati vizuri, akaweka ufunguo wa nyumba juu yake, akarudi kwao. Kwao ndio hapa. Mimi nikaambiwa nihame chumba chenye dirisha nimpishe. Hilo nalo sijasamehe.

Basi tumezeeka pamoja. Waume hakuna, wa kwake kwa sabuni, wangu kwa mauti. Macho yake yalikwisha kitambo, mvuke uliyala. Lakini asubuhi alikuwa anakaanga kahawa yake haangalii hata kikaango. Anakaa juu ya kigoda, uso kaelekeza mlangoni anamsengenya jirani, mkono unakoroga, na ghafla katikati ya neno anaepua. Zimeiva sawasawa, hazijazidi. Halafu anazitwanga kwenye kinu kidogo cha mama yake, anachemsha, anaacha itulie, anamimina. Wifi yangu hana mema mengi ya kuhesabika, lakini kahawa yake hata mimi nilikuwa nainywa nimenyamaza. Na mimi sinyamazi ovyo.

Sasa, mwanangu. Mwanangu ni fundi umeme, ana mke, anaishi ghorofani mji mwingine. Siku moja nimetoka kwenda sokoni, narudi nakuta moshi unatoka dirishani na majirani wamejaa uani na ndoo. Sufuria ya maharage imeungua mpaka imekuwa mkaa. Na wifi? Kakaa chumba cha pili, mlango wazi, anashona kifungo! Akasema alisinzia. Mwanangu aliposikia akaja mbio.

"Shangazi," akamwambia, "nikisikia umeunguza tena chochote, hata mkate, nakuhamishia kwangu. Sitaki kuja kuzika watu wawili."

"Kwako nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Kupumzika! Nimekwenda nyumbani kwake, napajua. Wenyewe wanashinda kazini, mlango umekomewa, mtu unabaki unazungumza na friji. Wifi alishika ukingo wa meza, ile meza ya baba yake, akaushika kama mtu aliyepanda lori.

Baada ya hapo ndio kahawa ikabadilika.

Haikuwa mbaya. Hilo ndilo lililonisumbua. Ingekuwa mbaya ningemsema tukamaliza. Lakini ilikuwa ileile kila siku. Kahawa ya wifi ilikuwa na tabia kama yeye mwenyewe, leo imeamka na hasira, kesho imelainika, ukinywa unajua amelalaje. Hii mpya ilikuwa kama mtu anayekusalimia vizuri na hakujui. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, hata mwanangu alipopita siku moja kutuangalia akapewa hiyohiyo. Na ukifika chini ya kikombe hakuna machicha. Kikombe cheupe!

"Wifi, siku hizi unachuja?"

"Nachuja."

"Kwa nini?"

"Meno yako mabovu, nakuonea huruma."

Nikajua kuna jambo. Huyu mtu hajawahi kunionea huruma.

Nikaanza kumvizia. Asubuhi nalala kitandani masikio nje. Nasikia kinu: ko, ko, ko. Nikajisemea mbona kinalia hivyo. Mimi kile kinu nimekisikia miaka na miaka, kikiwa na kahawa ndani kinakoroma, mchi unazama. Hiki kilikuwa kinagonga kama mgeni mlangoni. Nikanyata mpaka jikoni, nikachungulia upenyo wa mlango. Wallahi, mtu mzima na akili zake, kakaa juu ya kigoda anatwanga kinu kitupu! Hakuna punje. Anatwanga hewa, anapumzika kidogo, anafuta jasho lisilokuwepo, anatwanga tena. Ili mimi nisikie.

Nilirudi kitandani. Nilitaka kwanza kujua, na mimi nikitaka kujua jambo silali.

Alipokwenda kuoga nikapekua. Kabati hakuna. Chini ya kitanda hakuna. Kwenye gunia la mchele hakuna. Nikaona juu ya kabati ile pasi yake ya mkaa, aliyopewa na dobi siku ya kuacha kazi, haigusi mtu. Nikaifungua kifuniko. Pale panapokaa makaa zimejaa pakiti, zile nyembamba za kahawa ya unga, ya kumimina maji ya moto ukakoroga ukanywa. Zimepangwa kama risasi.

Nikachukua moja. Nikafunga. Nikakaa uani nikaionja kavu kwenye kidole. Si adui, kwa kweli. Inayeyuka ulimini, inaacha uchungu, inaondoka. Lakini harufu yake iko mlangoni tu, ukiingia ndani hakuna mtu. Nikawaza: mtu mwenye pua kama ile, aliyeacha mume kwa sababu ya sabuni, anakunywaje hiki?

Nikaamua kumjaribu. Wifi anaamini mimi siwezi hata kuchemsha maji, na hiyo ni faida. Nikaenda kwa mwenye duka nikanunua kahawa ya kweli iliyokaangwa, nikaitwanga mwenyewe, nikaichemsha. Kikombe kimoja hicho. Kikombe cha pili nikakoroga ile pakiti. Kisha nikafikiri: ulimi wake utahisi machicha, atajua. Basi nikachota machicha ya ile ya kweli nikayatia kwenye ya pakiti, na ya kweli nikaichuja kwa kitambaa mara mbili mpaka ikawa safi kama dhamiri ya mtoto. Nikamwita.

"Nani kapika?" akauliza.

"Mimi."

"Mungu atulinde."

"Kunywa. Moja ya kinu, moja ya dukani. Niambie ipi ni ipi."

Akakaa. Akaanza na kile cha pakiti, akakipitisha puani kama zamani, akafumba macho kwa maringo. Akanywa taratibu mpaka chini. Akahisi machicha, nikamwona ulimi unazunguka mdomoni. Akakiweka. Akachukua kile kingine, akanywa, akatabasamu.

"Hii ya kwanza ndiyo ya kinu," akasema. "Hii nyingine maji ya kuoshea soksi. Unanidharau, wewe? Mimi?"

Maji ya kuoshea soksi yalikuwa kahawa niliyoitwanga mpaka bega likauma.

Sikucheka. Nilitaka kucheka, nilikuwa nimejiandaa kucheka wiki nzima, lakini kicheko hakikuja. Nikaweka ile karatasi ya pakiti mezani mbele yake.

"Wifi," nikasema, "pua yako iko wapi?"

Akaipapasa karatasi, akaijua. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena. Mwishoni akasema ni yale mafua yaliyotulaza wote wawili wakati wa baridi, mimi nikapona yote, yeye yaliondoka na pua yake. Hasikii harufu yoyote. Sabuni hasikii, maharage yanayoungua hasikii, hata mimi hanisikii.

"Nikinywa kahawa nasikia moto na uchungu, basi. Nilikaanga mara tatu, mara zote makaa, nikazifukia bustanini ulipokuwa sokoni. Hii ya pakiti haihitaji pua. Kijiko kimoja, maji, mtu yeyote anaiweza. Hata wewe."

"Na kinu?"

"Nilijua usipokisikia utauliza."

"Kwa hiyo ukanifanya mjinga kila asubuhi."

"Ulilala vizuri, hukulalamika."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo si yake: "Usimwambie mwanao. Atanitoa humu."

Nikamwambia sitoi ahadi kwa mtu anayetwanga hewa. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya gesi, nikaifunga, nikamwambia hii kuanzia leo ni yangu, hata kuigusa asiiguse, akiigusa nampigia simu mwanangu saa hiyohiyo. Akaitikia kwa kichwa. Hakubisha! Ndipo nikaogopa kweli.

Jumamosi mwanangu akaja. Hakupiga simu, alitaka kutukuta tulivyo. Kabeba mfuko wa kahawa mbichi. "Shangazi, nimekumbuka nikiwa mdogo nilivyokuwa naamshwa na harufu. Nikaangie niione." Akavuta kiti, akakaa palepale mlangoni mwa jiko, mikono kaikunja. Mtihani huo. Mtoto nimemzaa mimi, najua macho yake yakitafuta kosa.

Wifi akakaa kwenye kigoda. Uso ukaelekea mlangoni kama siku zote, lakini shingo imekauka. Mimi nikawasha gesi, nikavuta kigoda changu, nikakaa karibu, nikaanza kunusa kwa niaba ya mwingine, kazi ambayo sikuwahi kuiomba. Nilidhani ni rahisi. Kumbe harufu ya kahawa inatembea! Mwanzo ni majani mabichi yaliyolowa. Halafu nyasi kavu. Halafu kama nafaka juu ya bati la moto. Miaka yote nimekunywa ile kahawa na sikujua inapita huko kote.

Ikaanza kugeuka upande mmoja. Sasa nitasemaje mtoto asijue? Nikasema lile lililokuwa karibu na ulimi.

"Unakoroga kama unabembeleza mtoto wa mwenzio! Mkono umekufa?"

Wifi akaelewa papo hapo. Mkono ukaongeza kasi.

"Mtu ameolewa akaachika, bado hajajifunza kukoroga," akajibu. "Mimi najisemea mwenyewe, usidhani nakusema wewe."

"Mimi sikuachika. Mume wangu alikufa akiniogopa."

Mwanangu akatikisa kichwa, akatoa simu yake. Matusi yetu kayanyonya na maziwa, hayasikii tena. Harufu ikapanda, ikawa tamu, ikawa nzito, punje zikaanza kupasuka, na nyuma ya utamu nikasikia kitu chembamba kama uzi, moshi unaotaka kuja lakini haujaja. Nikajua ndio hapo. Ndipo pale alipokuwa anakatiza neno akaepua.

"Jamani huyu mwanamke ana mgongo kama mlango wa choo!" nikapiga kelele.

Akaepua.

Nikazima gesi. Akatwanga, na kinu kikakoroma kinavyotakiwa. Akachemsha, mimi nikiwa pale pale namsema kuhusu mgongo. Tukammiminia mwanangu. Akanywa. Tukamwangalia wote wawili, yeye kwa macho yake mabovu, mimi kwa yangu.

"Nzuri," akasema. "Lakini shangazi, nikuambie kweli? Ile uliyonipa mara iliyopita ilikuwa tamu zaidi."

Mara iliyopita ilitoka kwenye pasi.

Wifi alianza kucheka begani, kicheko kikashuka tumboni, akashika ukingo wa meza machozi yanamtoka. Mimi sikuona cha kucheka. Nimelea mtoto, nimemsomesha, na ulimi wake ni wa kupangwa kwenye rafu ya duka, pamoja na pakiti.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Kunywa hiyo," nikamwambia, "halafu uende, barabara ni ndefu."

Akatuangalia, akamwangalia shangazi yake anavyofuta macho na ncha ya kanga, akasema, "Naona mko sawa." Hakutaja kuhamisha mtu. Alipoondoka aliacha nusu kikombe.

Siku hizi naamka mapema kuliko ninavyopenda. Nawasha gesi, nakaa kwenye kigoda changu, namtukana inapofika pa kutukana. Zile pakiti bado zimo ndani ya pasi, nimemwachia, mtoto akija atapewa anachokipenda. Kitu kimoja kimebadilika. Akishaepua, kabla ya kutwanga, wifi ananigeukia.

"Leo ikoje?"

Mwanzoni nilimjibu ni kahawa, itakuwaje. Hakuridhika, anakaa na mchi mkononi anangoja. Basi imebidi nijifunze kunusa na kusema. Juzi nikamwambia ni kama chumba cha dobi, asubuhi, kabla hamjaanza, makaa yamekolea na shati la kwanza ndio linatandazwa. Akafumba macho.

"Pamba?" akauliza.

"Pamba."

"Eh," akasema, akaanza kutwanga.

Lakini kuhusu kutwanga kinu kitupu, sijamsamehe.