Jino la dada Mbuke lilipoacha kuuma, tulimshukuru Mungu

Wakuu, mwadila.

Humu mimi ni msomaji tu. Ila leo nimetoka Mwanza kwa daktari wa meno, ganzi ndiyo inaisha, na kuna jambo limenikaa kooni. Sina cha kutunga, nayasema yalivyokuwa.

Nimezaliwa Ipililo, Maswa. Ninayosimulia ni ya miaka ile ushirika wa pamba umelala, wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo wameruhusiwa, kila mtu na mzani wake. Hata dawa ya kupulizia pamba ilikuwa inauzwa gulioni kwenye chupa za soda.

(Mnaosema zamani maisha yalikuwa mazuri, sijui mliishi nchi gani.)

Dada yangu Mbuke aliumwa jino la chini, pembeni, lile linaloonekana mtu akicheka. Alienda hospitali Bariadi, akaambiwa hapa tunang'oa tu. Yeye alikuwa tayari.

Baba akakataa. Wazee wa upande wa mchumba walikuwa njiani kuja kupatana ng'ombe wa mahari.

"Wamkute na pengo? Hilo jino libaki mpaka wageni waondoke."

Sasa kwetu kila mtu alijua jino linaliwa na mdudu. Na mdudu, mkulima wa pamba anajua anauawa na nini.

Baba akachovya kipande cha pamba kwenye ile dawa, akakishindilia kwenye tundu la jino. Mbuke alitapika, akalia mpaka sauti ikakauka. Mayu, yaani mama yetu, alimshika kichwa.

Kesho yake maumivu yakakata kabisa.

"Mdudu kafa, ng'wanone," yaani mwanangu, baba akamwambia. Nyumba nzima tulifurahi. Mbuke akaenda kuchota maji anaimba.

Leo ndiyo nimeelezwa vizuri: kilichokufa ni neva ya jino. Infection yenyewe ilikuwa inashuka taratibu kwenye taya, na hapakuwa tena na kitu cha kumuumiza ili atushtue.

Wageni walikuja, wakala, wakamsifu binti. Walipoondoka tu, akaanza kuvimba. Kidevu na shingo vikawa kitu kimoja, mate hayapiti, ulimi umeinuka. Mnunuzi mmoja wa pamba akatupakia kwenye pick-up yake hadi Bariadi, na pale wakatupa gari la wagonjwa la kwenda Mwanza.

Hatukufika hata Lamadi. Alikufa amekaa, kwa sababu akilala hapumui. Baba ndiye alikuwa amemwegemeza kifuani.

Inaniuma mpaka leo, wakuu, na sitaki kuipamba.

Turudi kwangu. Mwezi uliopita jino langu liliuma sana, halafu likaacha lenyewe. Mke wangu akasema Mungu mkubwa. Mimi nikamkumbuka Mbuke.

Ndiyo nikaenda Mwanza kufanyiwa root canal. Wanakupiga ganzi, wanatoboa jino, wanasafisha mizizi kwa visindano vyembamba, kisha wanaziba. Haiumi kama watu wanavyotishana, utachoka taya tu.

Daktari ni mtu mzima. Nikamuuliza hii tiba ilifika lini huku kwetu. Akasema hata miaka ile Mwanza ilikuwepo, ila wachache walijua.

Baba bado yu hai, naishi naye hapa Bariadi. Nilipoingia akaniuliza, "Wameling'oa?"

Nikamwambia hapana baba, wamelisafisha kwa ndani, nimebaki nalo.

Akawa anaitazama mikono yake. Halafu akauliza, "Hiyo tiba, enzi za Mbuke ilikuwepo?"

Nikamjibu haikuwepo.

Funzo ni hili: jino bovu likiacha kuuma bila tiba, usishukuru, wahi hospitali. Na msipake sumu mdomoni, bado kuna wanaofanya hivyo.

Hilo lingine sijui kama nimefanya vizuri. Baba yuko chumba cha pili, hajagusa chakula tangu nimjibu, na nadhani hakuniamini.

Wewe ungemwambiaje? Karibuni.