Baiskeli Iliyovaa Nailoni

Baiskeli ya baba ilikuwa na nguo nyingi kuliko mimi. Fremu yote aliizungushia utepe wa nailoni, wa bluu na mweupe, kuanzia chini ya usukani mpaka kwenye keria, ili rangi yake ya kijani isikwaruzike. Wanaume wengi wa kijiji chetu cha Ganako walifanya hivyo siku zile, lakini baba alizidi. Kila Jumapili baada ya kanisa aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akiikagua kama mtu anayetafuta kupe kwenye ndama. Rangi yenyewe hatukuiona tena. Tulijua ipo, basi.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Nilipomaliza la saba, jiko lilikuwa limeshakuwa langu, pamoja na ng'ombe wawili, kuku, na baba. Kaka zangu wawili walikuwa wameondoka, mmoja jeshini, mmoja Arusha, na hakuna aliyewauliza nani atabaki kupika. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukapanda, jioni ukashuka mwingine, na mimi nilikuwa palepale na mwiko wangu. Kuna siku nilijisikia kama ndama aliyefungwa kamba fupi.

Ndipo likaja tangazo kanisani. Karani mmoja mstaafu alikuwa anafundisha kupiga taipu pale Karatu mjini, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mashine zilikuwa nne tu, na nafasi ilibaki moja. Nilimwendea kwa miguu, akakubali kuniwekea mpaka Jumatatu ya wiki ya pili. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile. Msichana aliyejua taipu alipata kazi ofisini, na ofisi zote zilikuwa mbali na jiko letu.

Nilimwambia baba wakati anakula. Alitafuna kwanza.

"Saa kumi na mbili ndiyo unatoka mjini. Huku utafika giza limeshaingia, na nyati wanashuka."

"Nitakwenda na baiskeli, baba."

"Gizani?"

"Si kuna taa?"

Taa ilikuwepo kweli. Mwezi uleule baba alikuwa amefunga dainamo, kile kichupa cha chuma kinachokaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Ukikilaza, kichwa chake kinagusa tairi, kinazunguka nalo, na taa ya mbele inawaka. Yaani ingewaka. Ya kwetu haikuwahi kutoa hata cheche.

"Taa ikiwaka, utakwenda," baba alisema. "Isipowaka, tusisumbuane."

Nilianza siku hiyohiyo. Niliisimamisha baiskeli kwenye stendi yake ya miguu miwili, gurudumu la nyuma likawa hewani, nikazungusha pedeli kwa mkono. Giza. Nikachomoa globu, nikaijaribu kwa betri za tochi, ikawaka vizuri. Nikaufuata waya kutoka nyuma mpaka mbele kwa vidole, nikitafuta palipokatika. Haukukatika popote. Nikakaza nati, nikafuta kichwa cha dainamo, nikakisogeza kigandamie tairi sawasawa. Giza. Siku ya tatu niliifungua taa nzima, nikaishika mkononi, nikaigusisha kwenye mwili wa dainamo na kuunganisha kipande kifupi cha waya. Nikazungusha, ikawaka! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikairudisha mahali pake mbele, nikazungusha. Giza tena. Kila kimoja kilikuwa kizima, na vyote pamoja vilikuwa vimekufa.

Baba alikuwa akipita, anachungulia, anasema, "Labda si riziki yako, mama." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa matrekta wa shamba la jirani, mtu wa Singida, aliyesimama kwetu Ijumaa kuomba maji ya kunywa. Aliniona nimekaa chini kando ya gurudumu, uso una masizi na machozi.

"Binti, huyu mgonjwa anaumwa nini?"

Nikamweleza yote. Akazunguka baiskeli mara moja, akaanza kucheka.

"Umeme unakwenda kwa waya, sawa? Unarudi kwa njia gani? Waya ni mmoja tu. Unarudi kwa chuma. Sasa hiki chuma chenu kimevaa koti!"

Akanionyesha. Kwenye kishikio cha dainamo kulikuwa na skrubu ndogo yenye ncha, ambayo kazi yake ni kutoboa rangi mpaka iguse chuma kitupu. Baba alikuwa ameilegeza hadi mwisho ili isikwaruze. Na chini ya kishikio, juu ya nailoni, alikuwa ameweka kipande cha mpira wa tyubu, amekikata kwa mkasi vizuri kabisa, pembe zote sawa. Chini ya taa ya mbele aliweka kingine.

"Kwangua," fundi alisema. "Huku na kule. Ila mwenyewe awepo."

Sikungoja mwenyewe awepo. Baba alikuwa shambani kwenye maharage. Nilichukua kisu cha jikoni, nikaikata nailoni, nikatoa mpira, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikaiona ile kijani, mbichi kama ilivyotoka dukani. Nikaikwangua, nyuma na mbele. Nikakaza skrubu mpaka ikalia kwenye chuma, nikazungusha pedeli, na mwanga ukaupiga ukuta wa banda.

Baba aliporudi aliona vipande vya nailoni chini kabla hajaniona mimi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, mara moja, polepole. Nilingoja kofi.

"Imewaka?"

"Imewaka, baba."

Akafuta kidole kwenye suruali. Halafu akasema, "Iingize ndani. Mafuta ya taa yamekwisha."

Kweli yalikuwa yamekwisha. Miaka ile mafuta ya taa uliyapangia foleni ukayakosa. Jioni ile niliisimamisha baiskeli kwenye stendi katikati ya chumba, nikapanda, nikakanyaga, na baba akala makande kwenye mwanga mweupe. Nilikuwa nyuma ya taa. Mimi niliona kila punje aliyoiokota. Yeye hakuniona, maana mwanga ulikuwa machoni pake. Nilipokanyaga kwa hasira alisema, "Polepole, utaunguza globu." Kwa hiyo hata hasira ilinibidi niikanyage taratibu.

Jumatatu ilinyesha. Baba alisema barabara ni tope tupu, subiri kidogo. Baada ya hapo maharage yakakomaa. Karani hakuweza kungoja, nafasi akapewa mwingine. Akasema kutakuwa na kundi jingine. Kundi hilo lilipokuja, ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Haya yote nayaandika kwa kalamu, si kwa taipu.

Na kila jioni nilikanyaga. Nilikuwa nikikisia safari kichwani: hapa nimepita mteremko, hapa ni daraja, hapa naanza kuona mabati ya Karatu. Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi imetubana, nilifika mjini namna hiyo, nikaacha kukanyaga. Giza likaingia chumbani.

"Mbona umezima?"

"Nimefika Karatu, baba. Nasubiri kuingia darasani."

Nilisikia mkono wake ukipapasa meza, ukitafuta kijiko.

"Nilijua ile skrubu," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliyeniuzia dainamo alinionyesha. Mwanzoni nilikuwa naogopa kukwaruza. Uliposema unataka kwenda, nikaacha vilevile." Mkono ukakipata kijiko. "Nyumba hii ni kubwa, mama, ukiwa peke yako."

Nilingoja aniombe niendelee ili nimkatalie. Hakuomba. Alikaa tu gizani, mkono juu ya meza, na makande yake yalikuwa yanapoa.

Nikakanyaga.