Kuhesabu Magari Yasiyopita

Nilimaliza chuo kikuu wakati serikali imeacha kuajiri, nikarudi Mpanda kwa mama mdogo, pale Makanyagio, nikiwa na digrii ya mipango. Kwa miezi sita nilikosoa kila nilichokisikia redioni, mpaka mama mdogo akasema heri nipate kazi, hata ya wiki moja. Nikapata ya wiki moja kamili: kukaa kwenye daraja la mbao, njia ya kwenda Ikola, nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini, nihesabu magari.

Mradi ulionipa kazi hiyo ulitaka kujua barabara zipi zitengenezwe na zipi ziachwe. Fikra mpya, tulielezwa kwenye semina, ni kwamba fedha zifuate magari. Niliuliza: kama magari hayapiti kwa sababu barabara ni mbovu, si tutakuwa tunaiadhibu barabara kwa ubovu wake? Mwendesha semina akasema hilo ni swali zuri sana, kisha tukaenda kunywa chai.

Fomu ilikuwa na safu nne: magari madogo, malori, matrekta, pikipiki. Maelekezo yalisema tuhesabu kila chombo cha moto kitakachovuka. Siku ya kwanza walivuka wanaume wa baiskeli na magunia ya dagaa, kina mama waliobeba mihogo kichwani wakiongea Kirundi, na kundi la ng'ombe lililochukua nusu saa nzima. Jioni nikajaza sifuri nne, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya pili akaja nesi wa zahanati ya ng'ambo, anasukuma baiskeli yenye boksi la chanjo nyuma. Mbao nyingi za daraja zilikuwa zimeoza. Akalishusha boksi, akalivusha kwa mikono, akarudi kuchukua baiskeli. Mvua zikija na daraja likaondoka, alinieleza, watoto wa upande ule watakaa bila chanjo mpaka kiangazi. Msimu uliopita hakuweza kuvuka kwa wiki kadhaa, na watoto wawili walikufa kwa surua.

"Umeniandika lakini?" akauliza.

"Huna injini, dada."

"Na usomi wako wote umekubali hivyo?"

"Nimeajiriwa kuhesabu. Sijaajiriwa kukubali."

"Basi injini ninayo. Kuna pikipiki ya zahanati, ila haijawaka tangu wafadhili waondoke."

Nikasoma maelekezo upya. Hayakusema popote kwamba chombo kiwe kinawaka. Nikamwambia hivyo, nikidhani natania.

Kesho yake akaja anaisukuma pikipiki, matairi hayana upepo, jasho linamtoka. Nikaandika moja. Akageuza, akarudi nayo. Mbili.

Siku ya tano habari zilikuwa zimeenea kijijini kwamba fedha za barabara zinafuata magari. Mzee mmoja Msukuma, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, alifunga maksai sita kwenye trekta la ushirika lililolala miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Kijiji kizima kikaja nyuma.

"Mzee, daraja halitabeba," nikasema.

"Wewe andika tu, kijana. Kuvuka ni kazi yetu."

"Na hao ng'ombe wanaolivuta wana safu yao?" nesi akauliza. Hawakuwa nayo.

Maksai wakavuka. Trekta lilifika katikati, mbao zikaachia, magurudumu ya nyuma yakazama kwenye mchanga wa mto uliokauka, pua ikabaki imeelekea ukingo wa pili. Mzee akalitazama trekta, akanitazama mimi.

"Sasa hili limevuka au halijavuka?"

Nesi alishika kichwa kwa mikono miwili. Daraja bovu sasa halikuwepo kabisa, na wazo lilikuwa langu.

Nikaandika trekta moja. Mjini msimamizi aliipitia fomu, akasema barabara ile inaonyesha dalili za kukua, akaiweka kwenye orodha ya matengenezo ya mwaka unaofuata. Hakuuliza habari za daraja. Fomu haikuwa na nafasi ya daraja.

Mvua hazikusubiri orodha. Januari niliazima baiskeli nikaenda, nikijiandaa kwa lawama. Nikakuta wanakijiji wamefunga magogo kutoka ukingo huu hadi kwenye kiti cha trekta, na mengine kutoka kwenye boneti hadi ukingo wa pili. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita kwa nguvu katikati ya magurudumu. Chuma kile kilichokataa kwenda kilikataa pia kusombwa.

Nesi alikuwa juu ya boneti, viatu mkononi, boksi la chanjo limefungwa kwa khanga mgongoni. Ng'ambo kina mama walikuwa wamekwishapanga foleni na watoto wao.

"Usisimame hapo na maswali yako, mdogo wangu," akasema. "Njoo unishike mkono, panateleza."

Nikapanda.