Mama Aliyesema Ndiyo kwa Kila Sura

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilitoka Richardson, kando ya Dallas hapa Marekani, alfajiri nikaendesha gari kwa muda wa saa nne hivi hadi Stafford, pale jirani na Houston, nikiwa na boksi la kadi za picha kwenye kiti cha pembeni na kiburi kingi kifuani. Kadi nilijua ninazo. Kiburi sikujua.

Wakati huo nilikuwa nasomea udaktari wa saikolojia. Nyumbani kwetu Tanga walidhani nasomea kutibu vichaa, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniombea dua nisije nikapigwa na mgonjwa. Sikuweza kumweleza kwamba kazi yangu yote ni swali moja dogo: mtu anajuaje kwamba uso huu amewahi kuuona? Sizungumzii kukumbuka jina, wala mlikutana wapi. Nazungumzia kule kutambua tu. Unaingia dukani, unamwona mtu, na kabla hujawaza lolote kichwa chako kimeshasema, huyu namjua. Swali hilo limenilisha na kunisomeshea watoto mpaka leo nimestaafu hapa Carrollton, na bado sijalimaliza.

Jaribio langu lilikuwa rahisi. Mtu anaonyeshwa sura arobaini, moja baada ya nyingine. Anapumzika, anakunywa chai. Kisha anaonyeshwa sura themanini, nusu ni zile zile na nusu ni ngeni, na kwa kila moja namuuliza, "Unamtambua huyu?" Anajibu ndiyo au hapana. Nilikuwa nawatafuta watu wazima wanaosema Kiswahili, maana vipimo vingi vilitengenezwa kwa watu wa lugha nyingine na niliona si haki. Nia ilikuwa njema. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba nia njema haikunizuia kuharibu.

Stafford nilipokelewa na Espérance, dada wa Kikongo kutoka Kivu, aliyekuwa akifungasha mizigo kwenye ghala. Aliishi na binti yake mdogo, Glory, na mama yake mzazi, Mama Nabintu, aliyekuwa amepita miaka sitini. Espérance akiwa kazini, Mama Nabintu ndiye aliyempikia mtoto, akamwogesha, akamlaza. Nilipomwamkia shikamoo alicheka, maana kwao salamu hiyo haipo. "Jambo, mwanangu," akasema, akanishika mikono yote miwili.

Tukaketi mezani, akazitazama zile arobaini, tukanywa chai, kisha nikaanza kumuuliza. Sura ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Nikamwekea sura ngeni kabisa, ndiyo. Nilipomkumbusha kwamba nyingine hajawahi kuziona, aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaendelea vile vile: "Ndiyo. Namutambua." Sura themanini, na hakusema hapana hata mara moja. Katika kazi yetu, anayesema ndiyo kwa kila sura tunamhesabu sawa na asiyekumbuka sura yoyote, kwa sababu hatofautishi. Nikaandika hivyo kwenye karatasi yangu.

Espérance alinisindikiza hadi kwenye gari. "Docta, mama amefanya muzuri?"

Sikuwa daktari bado, na hata ningekuwa, nisingekuwa wa aina aliyoidhania. Tena majibu ya jaribio kama lile hayatolewi mlangoni. Nilifundishwa hivyo na nikatia sahihi. Lakini nilipenda kuitwa Docta. Nikamwambia, "Mwangalieni sana mama, dada. Inaonekana kumbukumbu yake ina tatizo. Asiachwe peke yake na moto." Nilisema hayo huku natafuta miwani ya jua kwenye mkoba. Nikafunga mlango, nikarudi Dallas nikisikiliza redio.

Baada ya wiki sita nilirudi kwa sehemu ya pili ya jaribio. Espérance alinifungulia, akanikaribisha kwa adabu, lakini nyumba ilikuwa kimya. Jikoni hakukuwa na harufu ya chochote. Zile swichi za kuwashia jiko zilikuwa zimeng'olewa, zimebaki vyuma vitupu. Mama Nabintu alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono mapajani, amevaa vizuri kama mgeni anayesubiri kuitwa. Alikuwa amepungua.

"Tunafanya vile ulisema," Espérance aliniambia kwa sauti ya chini. "Glory anashinda kwa jirani. Mama hapiki tena." Kisha akatoka kwenda kumchukua mtoto, akatuacha wawili.

Nikatoa kadi, za safari ya kwanza zikiwa zimechanganywa na mpya. Mama Nabintu akazisukuma taratibu upande wangu.

"Mwanangu, mbele ya kuniuliza tena, miye nikuulize. Uliambia mutoto yangu nini?"

Ningeweza kuzungukazunguka. Lakini alikuwa ananitazama kama mama yangu alivyokuwa akinitazama, nikamwambia neno kwa neno. Hakukasirika. Alisema, "Hukuniuliza sababu gani nilisema ndiyo."

Ni kweli. Katika karatasi yangu hapakuwa na mahali pa swali hilo.

Ndipo akanieleza, kwa Kiswahili cha kwao ambacho watu huwa batu. "Kule kambini kwa bakimbizi, tulipokaribia kusafiri, batu ba karatasi, bale ba kuandika benye kusafiri, baliniita. Balikuwa na foto kama zako. Balinionyesha mutoto mwanamuke, bakauliza, unamutambua uyu? Nilitazama sana. Alikuwa amekonda, bamemunyoa kichwa. Nikasema kweli yangu: apana, simutambui. Bakaandika." Akavuta pindo la kitenge chake, akalinyoosha juu ya goti. "Alikuwa Zawadi, mutoto wa dada yangu mwenye alikufa. Nilimulea miye. Balikuwa bamemupeleka hospitali ya mbali, miezi mingi, njo maana alikonda vile. Nilirudi kusema nimekosea. Balisema nimekwisha kujibu. Jina yake ikatoka kwa liste ya benye kusafiri. Sisi tukapanda ndege."

Nilizigeuza kadi zangu, sura zikalala juu ya meza.

"Tangu siku ile," akaendelea, "mutu akiniwekea foto na kuuliza kama namutambua, siwezi kusema apana. Kama ni mutoto wa mutu?"

Nililia, mwanangu, na yeye aliyeumia ndiye aliyenibembeleza. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa na chakula. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya kutambua, na nilikuwa sijalisikiliza neno lenyewe katika lugha yangu. Kumtambua mtu si kumjua kwa macho tu. Ni kukubali pia kwamba ni wako, kwamba yupo. Mimi niliuliza la kwanza, yeye akanijibu la pili, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Nikamwomba tujaribu kwa namna nyingine. Nikamwambia asiniambie kama anamtambua mtu yeyote. Achukue kadi, aweke upande huu zile nilizokuja nazo safari ya kwanza, na upande ule zile ambazo hazikuwamo. Hakuna atakayeandikwa wala kufutwa. Alizipanga kama anayechambua maharage, haraka na bila wasiwasi. Katikati ya kazi akasimamisha kadi moja, akatabasamu: "Uyu mwenye masikio makubwa, siku ile nilimucheka kwa roho." Alikosea chache tu. Wanafunzi wa chuo niliowapima kabla yake, wenye vichwa vya miaka ishirini, hawakuwa wamemfikia.

Espérance aliporudi na Glory, nilisimama. Nikasema mbele ya mama yake, kwa sauti ambayo wote wangeisikia: "Dada, nilikwambia mama ana tatizo la kumbukumbu. Si kweli. Nilikosea mimi. Swali langu lilikuwa baya, na hata kama lingekuwa zuri sikuwa na haki ya kukwambia vile. Mimi si daktari. Nilipaswa kukukatalia siku ile uliponiita hivyo."

Espérance alinitazama. "Niliweka mama yangu kama mutoto," akasema. "Nilikuwa naamka kuangalia kama anapumua, kama amefungua mulango. Ulinifanya nimuogope mama yangu mwenyewe."

"Ndiyo," nikasema. "Nisamehe." Nilikuwa na maelezo mengi mdomoni nikayameza yote.

Espérance alifungua mkoba wake wa kazini, akatoa swichi nne za jiko. Wiki zote zile alikuwa akienda nazo ghalani na kurudi nazo. Akapiga magoti mbele ya kochi, akazimimina kwenye kiganja cha mama yake, akaweka kichwa mapajani pake. Glory aliuliza kwa Kiingereza kwa nini mama yake analia, na bibi yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ana njaa, twende tukamupikie.

Nilipomweleza profesa wangu, mzee mmoja wa maneno machache, alisoma karatasi zangu zote akazirudisha. "Umewauliza wote swali lile lile?" Nikakubali. "Basi anza upya." Nilipoteza karibu mwaka mzima. Lakini kazi yangu yote iliyofuata ilitoka pale: jinsi swali linavyombeba mtu kwenye ndiyo au hapana kabla hata hajaitazama picha. Watu waliniita kuzungumza juu ya hilo Dallas na Houston, na kila mara nilieleza habari ya mama mmoja bila kumtaja jina. Leo namtaja kwa sababu mwenyewe ameniruhusu.

Espérance alichukua muda kunisamehe. Kwa miaka miwili alinipa mkono tu, bila neno la zaidi, na nilijua ni haki yake. Zawadi hakuja Marekani. Alikulia kule kule, sasa anashona nguo na ana watoto watatu, na Jumapili baada ya ibada Mama Nabintu humpigia simu. Wanabishana juu ya mapishi. Ni mzee sana sasa, na ananiuliza kila mara kama nimepata mkwe.

Mwanangu, wewe unayeingia kazi ya kuwapima watu, au kuwauguza, au kuwaandika kwenye fomu, nisikilize. Usiseme mtu amepungukiwa kabla hujamuuliza kwa nini amejibu alivyojibu. Neno unalolitupa mlangoni ukiwaza safari yako litaingia ndani ya nyumba ile na kukaa, litakula nao mezani, na wewe hutakuwapo kulitoa. Ukiitwa kwa cheo ambacho huna, kikatae hapo hapo, hata kama kinakupendeza, hasa kikikupendeza. Na ukikosea, usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, uyaseme makosa yako mbele ya masikio yale yale yaliyosikia uongo, kisha nyamaza uwaache wakasirike.

Mungu akulinde barabarani na kazini. Akupe ulimi mpole na walimu wasiokuficha kosa lako. Awape wazazi wako afya na umri, nawe akupe nafasi ya kuwatunza bila kuwaogopa. Amina.