Vaisi Iliyonunuliwa kwa Chungu

Uwanja wa nyumbani kwetu Moding ulikuwa na harufu mbili ambazo sijawahi kuzikuta pamoja mahali pengine: harufu ya udongo uliolowa na harufu ya chuma kilichopigwa tupa. Udongo ulikuwa wa Mama, mfinyanzi wa vyungu. Chuma kilikuwa cha Baba, fundi wa kila kilichovunjika kati ya kwetu na Malaba, hasa keria za baiskeli za boda boda na pini za kufungia milango ya trela zilizokuwa zikisubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda. Walifanya kazi chini ya banda moja la nyasi, kila mtu na upande wake, na ukipita hapo asubuhi ungesikia huku kiganja kikipiga udongo, kule msumeno ukikwaruza chuma. Nilikulia katikati ya sauti hizo nikidhani kila nyumba inazo. Nilipoanza shule nilishangaa kwamba wenzangu hawakunuka kutu.

Kitu ambacho banda letu halikuwa nacho ni vaisi. Vitabu vya shule huiita jiliwa, lakini tangu nizaliwe sijamsikia fundi yeyote wa mpakani akilitamka neno hilo, kwa hiyo nami nitasema vaisi: kile chombo kizito kinachofungwa kwa bolti kwenye ukingo wa meza ya kazi, chenye taya mbili na skrubu kubwa ya kuzisogeza, kazi yake kukamata kitu kisicheze huku fundi akikikata. Fundi wa chuma asiye na vaisi ni kama mtu anayemnyoa mtoto asiyetulia. Baba hakuwa nayo, lakini alikuwa na Mama. Kila alipotaka kukata pini aliita, "Mama Amoit, kuja unishikie," naye Mama akaacha chungu nusu, akapangusa mikono kwenye leso, akachuchumaa mbele ya gogo la kukatia chuma na kukibana kile chuma kwa koleo. Amoit ni mimi, mtoto wao wa kwanza. Mama alishika vizuri kuliko mtu yeyote, maana mikono ya mfinyanzi ina nguvu ambazo wengi hawazijui. Lakini alishika akinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa sababu chungu kikiachwa nusu ukingo wake hukauka, na kikifika motoni hupasuka.

Msimu ninaoukumbuka ni wa mavuno ya wimbi, yaani ulezi, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Kwetu Teso, wimbi likishaingia ghalani watu hutengeneza ajono, pombe ambayo wazee huketi kuizunguka na kuivuta kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Huo ndio msimu ambao kila boma hutaka chungu kipya, na mwaka ule Mama alikuwa na oda nyingi kuliko kawaida. Asubuhi moja Baba alikuwa akikata pini ya trela ya dereva mwenye haraka. Wembe wa msumeno ukakatika, mkono wa Baba ukaenda na nguvu zake zote, na kipande kilichobaki kikazama chini ya kidole gumba cha Mama. Sikumwona akilia. Aliuangalia mkono wake kwa hasira, kama mtu aliyevunjiwa kitu alichoazima. Kule zahanati walimshona, wakamfunga bandeji, na muuguzi akamwambia asiguse udongo mpaka kidonda kipone, na kwamba hawezi kuahidi kama kidole kile kitakunjika tena. Mfinyanzi huitoa shingo ya chungu kwa kidole gumba. Hata mimi, mtoto, nilijua hapo ni nini kilichokuwa hatarini, na niliogopa.

Baba hakula siku ile. Jioni alisema Mama hatashika chuma tena katika boma lile, na kabla ya siku ya soko alikuwa ameuza fahali wake, ambaye alijivunia kuliko alivyojivunia sisi watoto, ili anunue vaisi. Mama alikataa aende peke yake. Alimjua mumewe: akiona kitu kinachong'aa, masikio yanaziba. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa kwenye bandeji, alinigeukia akasema, "Wewe utakuwa mkono yangu." Nilijiona nimepandishwa cheo. Nilijipaka mafuta miguu yote, nikatembea nyuma ya baiskeli ya Baba mpaka Malaba nikiwa nimenyoosha shingo ili kila mtu anione.

Muuza vyuma alikuwa Mganda mmoja aliyeitwa Waiswa, mwenye kibanda nyuma ya uwanja wa malori, mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa nyeusi kwa oili. Alikuwa na maneno matamu na tumbo la kuyatosha. "Karibu ssebo, karibu nyabo," alitusalimia kwa heshima ya ng'ambo, yaani bwana na mama. Vaisi zake alizipanga mstari juu ya gunia, na katikati kulikuwa na moja kubwa iliyopakwa rangi ya buluu iking'aa kama sahani mpya. Masikio ya Baba yakaziba papo hapo. Nyuma ya Waiswa, kwenye meza yake ya kazi, ilifungwa vaisi nyingine nyeusi, ndogo kidogo, imejaa grisi na vumbi, naye alikuwa ameibanisha bomba huku akiongea nasi. Hakuna kati yetu aliyeitazama mara mbili.

Mama akaanza kazi yake. Kwetu hakuna mwanamke anayenunua chungu bila kukigonga. Unakiweka juu ya kiganja, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kizima kinaimba. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, kinajibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Gonga," Mama aliniambia, nami nikachukua bolti, nikaigonga ile ya buluu. Iliimba. Iliimba sauti ndefu, safi, mpaka wapita njia wakageuka, na wanawake wawili wenye mizigo kichwani wakatikisa vichwa kukubali, maana nao walikuwa wameshanunua vyungu vingi maishani. Mama akaniambia niigonge na ile nyeusi ya mezani, kwa kulinganisha tu. Ikatoa kishindo kifupi, kikafa. "Hiyo imekufa ndani," Mama akasema, na Baba akatikisa kichwa kwa furaha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mke wake alikuwa ameungana na macho yake. Tukaifunga ile ya buluu kwenye keria, tukaenda nayo nyumbani kwa maringo, Baba akipiga mluzi njia nzima.

Sasa mimi ni fundi, na naweza kukueleza bila kusita tulipokosea. Sauti ile ilituambia kwamba chuma hakina ufa, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Ile nyeusi haikuimba kwa sababu ilifungwa kwenye mbao nene na kubana bomba, na hata chungu kizima ukikijaza maharagwe hakiimbi. Lakini vaisi hainunuliwi ili iimbe. Tungeishika taya inayosogea ya ile ya buluu na kuitikisa, tungegundua jinsi meno ya skrubu yalivyolika chini ya ile grisi mpya. Tuliinunua vaisi kama wanunuzi wa vyungu, na nadhani ni watu wa kwetu tu wanaoweza kukosea namna ile kwa uhakika wote ule.

Tuligundua kesho yake. Dereva mwingine alileta pini, Baba akaibana, akakaza mpini mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaanza kukata. Skrubu ikaruka, taya zikaachia, pini ikaanguka miguuni pake. Akakaza tena, ikaachia tena. Dereva alikuwa akiangalia barabara, foleni ya malori imeanza kusogea, naye akaanza kuongea maneno makali. Hapo Mama aliinuka kutoka upande wake wa banda, akaja bila kuitwa, akachuchumaa mbele ya lile gogo la zamani na kulishika koleo kwa mkono wa kushoto, ule mzima. "Kata," akamwambia Baba. Baba aliiangalia ile bandeji. Kisha akauweka msumeno chini, akamrudishia dereva pini yake na kumwambia, "Boss, pole. Hii kazi siwezi." Dereva akaondoka akitutukana. Nimewahi kumwona Baba akifanya mambo mengi mazuri, ila siku ile nilimpenda kuliko siku nyingine yoyote.

Siku iliyofuata tulirudi kwa Waiswa, watatu vilevile, na ile ya buluu kwenye keria. Waiswa aliapa kwamba ilikuwa nzima alipotuuzia. Baba akapandisha sauti, Waiswa naye akapandisha, wapiga soga wa uwanja wa malori wakasogea kupata burudani. Mama hakugombana. Aliketi juu ya ringi la lori akiangalia meza ya kazi ya Waiswa, na makelele yalipopungua akasema, "Nataka hiyo yenye unatumia."

"Nyabo, hiyo si ya kuuza. Hiyo ni ya kazi yangu."

"Najua. Mimi pia nauza vyungu. Chungu yenye napikia yangu haijawahi kufika soko."

Watu wakacheka, na Waiswa mwenyewe akajaribu kutocheka akashindwa. Mama alinituma niibanishe ile vaisi nyeusi fimbo ya mwiko mkubwa wa kusongea ugali alioununua asubuhi ile sokoni, nikaukaza mpini mpaka mwisho, kisha akaniambia nining'inie kwenye ile fimbo. Nilining'inia, miguu juu, uwanja mzima ukiangalia. Fimbo ililia lakini haikusogea. Akaniambia niteremke, nikateremka.

Waiswa alishikilia kwamba haiuzwi. Lakini katika kuongea ikajulikana kwamba binti yake anaolewa na kijana wa Kiteso wa Tororo, wakwe wanakuja, na anahitaji chungu kikubwa cha ajono ambacho hakitamwaibisha. Mama akaunyoosha mkono wake wenye bandeji na kusema atamfinyangia chungu hicho. Kila mtu aliuangalia ule mkono. Waiswa akauliza kama mkono huo utapona kabla ya harusi, na Mama akamjibu, "Utapona," kwa namna ambayo ungedhani ameshaongea nao wakakubaliana. Waiswa akachukua spana, akaanza kufungua bolti za vaisi yake nyeusi. Ile ya buluu alibaki nayo.

Baba aliifunga vaisi kwenye meza yake jioni hiyohiyo. Mama akaja, akabanisha ule mwiko, akauvuta kwa mkono mzima, akiegemea nyuma kwa uzito wake wote. Uliposhindwa kusogea aliuachia. "Imeshika," akasema. "Sasa mimi naenda kwa udongo yangu." Kidonda kilipofunga, kidole kilikunjika nusu tu, kikakataa kuendelea. Alijifunza upya kuitoa shingo ya chungu kwa kifundo cha kidole cha pili. Vile vya kwanza viliharibika, akavivunja na kuvirudisha kwenye maji. Chungu cha Waiswa kilitoka na shingo iliyoinama kidogo upande mmoja, na tulipokipeleka Malaba, Waiswa alikiweka juu ya kiganja, akakigonga, na kikaimba mpaka akafumba macho.

Leo boda boda za baiskeli zimekwisha, ni pikipiki tupu, na mimi ndiye ninayezitengenezea keria. Ajono siku hizi utaikuta hata kwenye ndoo ya plastiki, jambo linaloniudhi kuliko ninavyoweza kusema kwa adabu. Vaisi sasa zinauzwa madukani zikiwa mpya ndani ya karatasi laini, na watu huja kuniuliza wachague ipi ya kuweka nyumbani. Nawaambia waitikise taya, wazifunge taya zote mbili na kuangalia kama mwanga unapita katikati, wapapase chini ya rangi, kisha wabanishe fimbo na kuivuta kwa uzito wao wote mbele ya mwenye duka, hata akinuna. Wale wenye haraka wananunua iliyo kubwa na yenye rangi nzuri. Hao huwa nawaona tena.

Mwezi uliopita nilijinunulia yangu ya karakana ya nyumbani, kwa sababu ile nyeusi bado iko kwenye banda la Baba, na ingawa Baba hayupo tena sikuwa na moyo wa kuifungua. Nilifanya majaribio yote niliyoyataja, nikaifunga mezani nikijua sikukosea. Mama alikuja kuiona akiegemea mkongojo. Hakuniuliza nimenunua wapi. Aliibanisha mkongojo wake, akaukaza mpini kwa ule mkono wenye kidole kisichokunjika, akauvuta akiegemea nyuma kwa uzito mdogo aliobaki nao. Nilisimama nyuma yake, mikono nimeinyoosha nimdake. Mkongojo haukusogea.

"Imeshika," akasema. "Haya. Mimi naenda kwa udongo yangu." Ni miaka sasa hajafinyanga chungu chochote. Alielekea jikoni polepole, bila mkongojo, akijishika ukutani. Nilikuwa tayari nimeanza kumfuata nikamshike mkono, nikakumbuka ni mkono uliokuwa vaisi ya Baba, nikamwacha aende.