Sote Wawili Ganda Jembamba

Kazi yangu ni kusoma maganda ya matunda ambayo bado hayajazaliwa. Nikisema hivyo harusini, watu huvumilia kidogo halafu wanakumbuka kuna mtu wanapaswa kumsalimia meza ya pili. Siwalaumu. Lakini hapa nitaomba uvumilivu, kwa sababu bila hayo maganda siwezi kueleza kwa nini mimi leo si mke wa mtu.

Maabara yetu iko upande wa Tengeru, chini ya Meru, mahali ambapo mchikichi wenyewe haukubali kuzaa. Baridi yetu hauiwezi. Kwa hiyo majani hutoka Kigoma kwa basi, yamefungwa kwenye boksi lenye barafu, kila kipande kwenye mfuko wake, na mimi nakwenda kuyachukua stendi.

Ukikata tunda la mchikichi katikati, nje utakuta nyama ya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo inayotoa mawese. Ndani yake kuna kokwa lenye ganda gumu kama mfupa, na ndani ya ganda kuna kiini. Ganda likiwa nene linakula nafasi ya nyama, na mafuta yanakuwa kiduchu. Likiwa jembamba, nyama inajaa na mkulima anacheka. Shida ni kwamba mkulima husubiri miaka mpaka tunda la kwanza limwambie alipanda nini. Sisi tunakata kipande cha jani mche ungali kwenye kiriba, tunasoma jeni moja, tunampa jibu kabla hajashika jembe.

Jeni hiyo kila mti unazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Inatengeneza protini inayoziamuru seli zinazoizunguka mbegu zijijaze lignini, kitu kilekile kinachozifanya mbao kuwa mbao. Protini hizo hazifanyi kazi moja moja. Zinashikana mbili mbili kwanza, ndipo zinashika vinasaba na kutoa amri. Nakala zote mbili zikiwa nzima, amri inafika kwa sauti kubwa na ganda linakuwa nene. Moja ikiwa na kasoro, jozi nyingi zinaharibika, amri inafika kwa kunong'ona, ganda linakuwa jembamba. Huo ndio mti ambao kila mtu anautaka shambani kwake. Zote mbili zikiwa na kasoro, amri haifiki kabisa na ganda halipo. Ungedhani huo ndio mti wa peponi. Kumbe mara nyingi hauzai. Unatoa maua, unashika mkungu, na mkungu unaoza kabla ya kuiva.

Wakulima wengi hukosea mahali pamoja, na ni kosa la mtu mwenye akili. Anatembea shambani, anachagua mti wake mzuri kuliko yote, wenye ganda jembamba, anachukua mbegu zake. Jirani ya mti huo kuna mwingine mzuri vilevile, na ndio uliotoa chavua. Anapanda watoto wa wazuri wawili. Robo yao wanatoka na ganda nene, nusu jembamba, na robo hawana kitu.

Yeye, aliyekuwa awe mume wangu, nilimkuta kwenye ofisi ya vifurushi, stendi, nyuma ya kaunta.

"Dada, mzigo wako unanuka bustani," alisema. "Ni mchicha?"

"Ni majani ya michikichi."

"Yametoka Kigoma yote hiyo kuja kufanya nini? Kutalii?"

Nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka na watu wa stendi. Mzigo uliofuata nilikuta boksi langu limewekwa kivulini, mbali na mashine za wakulima na ndoo za dagaa. Uliofuata tena, alikuwa amenunua barafu kwa hela yake akaongezea. Akaanza kuniita Mama Maganda. Alitaka kujua kila kitu, na nilimfundisha kwa ngazi, matunda yenyewe ya mchikichi, nilizoletewa na mwenzangu aliyetoka likizo Kigoma, tukizikata kwa kisu cha mkate kwenye kaunta yake huku abiria wakigombania mizigo. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wanaoletwa kwetu mafunzoni. Nilimpenda hivyo, vidole vikiwa na mafuta ya mawese, akinirudishia maelezo yangu kwa maneno yake.

Posa ilipokubaliwa, mchungaji alitushauri tukapime damu zote, na sikoseli ikiwemo. Nilikwenda bila wasiwasi wowote. Watu wa mlimani tumezoea kuamini huo ni ugonjwa wa joto, wa Tanga na wa ziwani. Nilikuwa nimesahau kwamba bibi mzaa baba aliolewa kutoka Muheza, hukohuko Tanga. Mtu anayesoma vinasaba vya miti kila siku ya kazi, na bibi yake mwenyewe hakumwingia akilini!

Nesi alitueleza kwa upole. Hatukuwa wagonjwa, wala hatungeugua. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba nakala moja tu yenye kasoro. Alianza kuchora duara kwenye karatasi, na mchumba wangu akamshika mkono kwa heshima.

"Usichore, dada. Nimeelewa," alisema. Akanigeukia. "Sote wawili ganda jembamba."

Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali. Nilianza kuongea mimi, kwa kuwa nikiogopa naongea. Nilisema ni robo tu, robo tatu wako salama. Nilisema siku hizi kuna dawa, kuna kliniki, watoto wanakua, wanasoma, wanaoa. Nilisema wapo wanandoa wengi waliojua na wakaendelea, na yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilisema hata kubeba nakala moja si aibu, ndiyo iliyowakinga mababu zetu na malaria kali, ndiyo maana imedumu.

"Unanihesabia miche," alisema. "Mche usio na kitu unang'oa. Mtoto utamfanyaje?"

Ndipo aliponieleza habari za dada yake. Nilijua alikuwa na dada aliyefariki. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mpaka barabarani, kule tambarare ya Kahe, mifupa ikimuuma mtoto yule hadi anamng'ata kaka yake begani ili asipige kelele. Alionyesha bega. Mtoto huyo hakufika darasa la tano. Baba yao mtu wa ziwani, mama yao mtu wa Kahe, wote wazima kama sisi.

"Mama yangu alimzika mmoja," alisema. "Siwezi kumpeleka tena makaburini na mjukuu. Wewe naweza kukukosa. Hilo siliwezi."

Nilimchukia kwa sentensi hiyo. Wewe naweza kukukosa. Niliirudia kichwani nikifua, nikipika, nikiwa mbele ya mashine za maabara. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anajikaza, kwamba hakuna alichokuwa anaweza. Lakini kuelewa hakukunisaidia kitu. Nilibaki namsubiri. Nilijiambia ataona nilivyoona mimi, kwamba robo ni robo, na siku moja atasimama getini na kichwa chake kikubwa aseme, Mama Maganda, tujaribu. Mizigo ya Kigoma sasa aliichukua mwenzangu. Alirudi akisema boksi bado lilikuwa kivulini.

Jumamosi moja mchana, mama yake akaja.

Nilimwona kutoka dirishani, amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu isale halitikiswi tu mkononi. Anayekuja nalo amekuja kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai, hata kama amemwagiwa damu. Hukatai. Huahirishi. Unapokea, na jambo limekwisha. Kwa hiyo nilijua, kabla hajafika mlangoni, kwamba mwanawe hatakuja kusimama getini. Nani anaomba msamaha kwa jambo ambalo bado linaendelea?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakukaa. Alipiga goti, mtu mzima yule, na mimi nikapiga goti haraka ili asiwe chini yangu, tukawa wote wawili kwenye zulia kama watoto wanaotafuta kitu kilichoanguka.

"Tulikuchumbia, tukakuacha," alisema. "Hukutukosea lolote. Ni mimi niliyemwambia, usimlaumu sana. Nilimwambia nilichokiona kwa yule binti niliyemzika. Naomba utusamehe nyumba nzima."

Nilitaka kumwambia nasubiri bado. Nilitaka kumwambia aniletee jani lake baada ya mwaka. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ananitazama, na alikuwa anajua kama mimi kwamba hakuna jibu lingine. Nilinyoosha mikono yote miwili nikalipokea.

"Nimesamehe, mama. Nimewasamehe wote."

Alilia yeye. Mimi machozi yalikataa, sijui kwa nini. Tulimkalisha, akanywa chai, akaongea na mama habari za mvua na bei ya mahindi. Alipoinuka kuaga nilimuuliza swali moja tu, kama mwanawe anakula.

"Anaonja tu, mwanangu," alisema. "Anaonja tu."

Nilikwenda jikoni. Nikampakulia ndizi nyama kwenye hotpoti kubwa, nikaufunga mfuniko vizuri chakula kisimwagike njiani, nikampa mama yake mkononi. Nikamwambia hotpoti wasihangaike kuirudisha.